Molekuli Moja au Umati? Kisa cha Madai ya 1997 na Jaribio Lililoyathibitisha

Mwanzoni mwa 1997 makundi mawili ya watafiti yalitangaza, yakipishana kwa wiki chache tu, kwamba yameona mtawanyiko wa Raman (mwanga unaobadilika rangi kidogo baada ya kupiga molekuli) ukitoka kwenye molekuli moja iliyonata juu ya chembe za fedha. Fedha hapa ni ile metali, iliyotengenezwa kikemia ikawa vipande vyenye upana wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Shuming Nie na Steven Emory wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha Februari. Katrin Kneipp na wenzake wa Berlin na MIT wakafuata Machi. Wote walisema metali ile ilikuza ishara ya molekuli kwa takribani mara 10¹⁴, yaani moja ikifuatwa na sifuri 14.

Leo tunajua kwamba dai lao la msingi lilikuwa sahihi: molekuli moja inaonekana kweli kwa njia hii. Ila ushahidi waliouweka mezani haukutosha kulithibitisha, na ile namba ya 10¹⁴ ilikuwa kubwa kupita kiasi. Ilichukua miaka tisa kupata jaribio lililofunga mjadala. Mimi nakiona kisa hiki kuwa cha thamani kwa sababu miaka hiyo yote watu waliendelea kuuliza ishara ina nguvu kiasi gani, ilhali jibu lilikuja pale mtu alipouliza ishara ni ya nani.

Kwa nini dai lilikuwa zito

C. V. Raman na K. S. Krishnan waligundua mtawanyiko huu Calcutta mwaka 1928. Mwanga wa rangi moja ukipiga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile. Sehemu ndogo sana, takribani fotoni (chembe ya mwanga) moja katika milioni kumi, hubadilika rangi kwa sababu imeachia molekuli kiasi fulani cha nishati kikaitetemesha. Kila aina ya molekuli ina mitetemo yake, kwa hiyo ukipanga mwanga huo uliobadilika kwenye spektra, yaani ukiutenganisha kwa rangi zake, mistari inayotokea hukuambia ni kitu gani hasa unachokiangalia. Fluoresensi (mwanga ambao kemikali hutoa baada ya kufyonza mwanga mwingine), ambayo ndiyo njia iliyozoeleka ya kuona rangi za kemikali kwenye maabara, hutoa mwanga mwingi lakini mkanda wake ni mpana na hausemi mengi. Raman husema mengi kwa sauti ya chini mno.

Uhafifu huo hupimika. Rangi nzuri ya fluoresensi (rangi hapa ni kemikali ya kutia rangi) ina eneo la kukamata mwanga la kama sentimita za mraba 10⁻¹⁶ kwa molekuli. Raman ya kawaida, kwa molekuli ndogo isiyofyonza mwanga wa leza, huwa karibu 10⁻³⁰. Tofauti kati yake ni mara 10¹⁴. Tangu 1990 ilikuwa imeshawezekana kuona molekuli moja kwa fluoresensi, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuwaza kwamba ili Raman nayo ifike hapo, lazima ikuzwe mara hizohizo. Mtu akishabeba namba hiyo kichwani, kuiona ikitoka kwenye kipimo hakumshtui inavyopaswa.

Kuhusu metali yenyewe, jambo lilianzia Southampton mwaka 1974. Fleischmann, Hendra na McQuillan walipata Raman kali isivyotarajiwa kutoka kwenye piridini iliyokuwa juu ya elektrodi ya fedha iliyokwaruzwa kwa umeme. Wao walidhani ukwaruzaji uliongeza tu eneo la uso, molekuli nyingi zaidi zikapata pa kukaa. Mwaka 1977 Jeanmaire na Van Duyne wa Northwestern, na Albrecht na Creighton wa Kent, walionyesha kuwa eneo peke yake halielezi: ongezeko lilikuwa la mara laki moja hadi milioni.

Kinachofanya kazi ni elektroni huru za metali. Chembe ikiwa ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, elektroni zake zote hutikiswa pamoja na uga wa umeme wa mwanga huo, na kwenye rangi fulani mtikisiko huo huingia kwenye resonansi, yaani hupatana na mwanga na kukua sana. Huko ndiko kunakoitwa plazmoni. Uga ulio karibu na uso wa chembe hukua kuliko ule wa leza yenyewe. Chembe mbili zikisogeleana hadi zibakize mwanya wa nanomita moja au mbili, uga ndani ya mwanya hukua zaidi tena. Mahali hapo watafiti hupaita sehemu moto, ingawa hapahusiani na joto. Raman hunufaika mara mbili, mwanga unapoingia na unapotoka, kwa hiyo ishara hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uga. Uga ukikua mara 10, ishara hukua mara 10,000. Uga ukikua mara 100, ishara hukua mara milioni mia moja. Kipeo hicho cha nne ndicho kitu cha kushika katika kisa kizima, maana ndicho kilichofanya jambo liwezekane na ndicho kilichofanya ushahidi wa kwanza uyumbe.

Ushahidi wa 1997 kwa karibu

Jaribio la Kneipp lilikuwa na mvuto wake. Walichukua rangi iitwayo kristali violeti, wakaizimua ndani ya mmumunyo wa chembe za fedha hadi ikabaki mola 3.3 × 10⁻¹⁴ kwa lita. Leza yao ya nanomita 830 ilimulika ujazo wa pikolita 30 tu. Ukizidisha ukolezi kwa ujazo, unapata wastani wa molekuli 0.6 ndani ya eneo linalomulikwa. Walipima mara 100, sekunde moja kila kipimo, huku chembe zikielea zikiingia na kutoka kwenye mwanga.

Kama kweli wastani ni 0.6, kanuni ya Poisson, ambayo ni kanuni ya takwimu ya kuhesabu matukio ya bahati, inatabiri kwamba karibu asilimia 55 ya vipimo havitakuwa na molekuli yoyote, 33 vitakuwa na moja, 10 vitakuwa na mbili, na 2 vitakuwa na tatu. Walipochora histogramu (mchoro wa idadi ya vipimo kwa kila kiwango) ya nguvu za ishara, waliona vilima vilivyoonekana kukaa kwenye sifuri, moja, mbili na tatu, kwa uwiano unaokaribia huo. Methanoli, ambayo molekuli zake zilikuwa nyingi mno ndani ya ujazo uleule, ilitoa kilima kimoja tu. Ukiitazama picha ile unaelewa kwa nini watu waliridhika.

Nie na Emory walipita njia nyingine. Walitumia rodamini 6G na leza ya nanomita 514.5, wakazigandisha chembe kwenye kioo na kuzitazama moja moja kwa darubini. Chembe chache tu zilitoa ishara, na hizo chache ziling'aa ajabu. Ishara ilibadilika ghafla, ikazimika, ikarudi, na ilitegemea mwelekeo wa mwanga uliopolarishwa, yaani unaotikisika upande mmoja tu. Molekuli nyingi kwa pamoja zingelainisha mabadiliko hayo, walisema, kwa hiyo lazima ni moja.

Mahali ushahidi ulipoyumba

Hoja zilizotumika zilikuwa tatu: rangi imezimuliwa sana, ishara inapepesa, na hesabu zinafuata Poisson. Kila moja ina tundu.

Kuhusu kuzimua, ukolezi unakuambia umetia nini kwenye chupa, haukuambii kilichoko chini ya leza. Kwenye ukolezi mdogo kiasi hicho molekuli hunata kwenye kuta za chombo, hujikusanya, na uchafu wowote uliokuwamo kwenye mmumunyo huweza kuzizidi kwa wingi.

Kupepesa nako kuna vyanzo vingine. Baadaye ilionekana kwamba hata kaboni iliyosalia juu ya fedha, mabaki ya vitu vilivyoungua chini ya leza, hutoa ishara za Raman zinazowaka na kuzima. Kupepesa kunaonyesha kwamba chanzo ni kidogo na hakitulii, basi.

Poisson ndiyo iliyobeba uzito mkubwa, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi. Ili histogramu iwe na vilima kwenye moja, mbili na tatu, kila molekuli lazima itoe ishara iliyo sawa na ya mwenzake. Bila hilo huwezi kusema kipimo chenye ishara maradufu kina molekuli mbili. Sasa rudi kwenye kile kipeo cha nne. Molekuli iliyokaa katikati ya mwanya wa chembe mbili huweza kutoa ishara kubwa mara kumi, mia au zaidi kuliko ile iliyokaa nanomita chache pembeni. Chembe zenyewe hazilingani kwa umbo wala kwa mwanya. Pablo Etchegoin, Eric Le Ru na Matthias Meyer wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, walikokotoa jinsi ukuzaji unavyotawanyika kuzunguka sehemu moto moja wakapata mgawanyo wenye mkia mrefu sana: matukio mengi hafifu mno, machache makubwa kupindukia, na hakuna ukubwa wowote unaoweza kuuita wa kawaida. Katika mgawanyo wa namna hiyo ishara ya "molekuli moja" haina thamani moja, na vilima vya moja, mbili, tatu haviwezi kujipanga.

Kwa nini basi vilionekana? Mwaka 2007 kundi hilohilo lilionyesha kwamba vipimo 100 ni vichache mno. Ukivigawa kwenye visanduku ishirini hivi vya histogramu, kila kisanduku hubaki na vipimo vichache, na kupanda kushuka kwa bahati tu hutengeneza vilima ambavyo jicho lenye matarajio litavipatia maana. Ukiongeza vipimo hadi maelfu, vilima hutoweka na mkia mrefu hujitokeza.

Kuna ugumu mwingine ambao kwangu ni mzito kuliko huo wa takwimu. Sehemu moto ni ndogo mno ukilinganisha na uso mzima wa chembe. Kama una wastani wa molekuli 0.6 tu mbele ya leza, uwezekano wa molekuli hiyo kuwa imeangukia ndani ya mwanya ni mdogo sana. Ungetarajia vipimo karibu vyote vitoke vitupu. Kupata ishara kwa karibu nusu ya vipimo kunamaanisha kwamba ama molekuli zinajua pa kwenda, ama kuna nyingi zaidi ya unavyodhani.

Jaribio la rangi mbili

Mwaka 2006 Le Ru, Meyer na Etchegoin walichapisha njia iliyoacha kabisa habari ya nguvu za ishara. Walichanganya rangi mbili, rodamini 6G na rangi nyingine ya jamii ya benzotriazoli, kwa kiasi kinachotoa uwezekano unaokaribiana wa kuonekana. Spektra za rangi hizo hutofautiana vizuri. Kisha wakapima mara nyingi sana, na kwa kila tukio wakauliza: mistari hii ni ya rangi ya kwanza, ya pili, au imechanganyika?

Hesabu yake ni nyepesi, mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme rangi zote mbili zina nafasi sawa, na molekuli zinazochangia ishara zinachangia kwa usawa. Zikiwa mbili, uwezekano wa zote kuwa za rangi moja ni asilimia 50. Zikiwa tano, unashuka hadi 6.25. Zikiwa kumi, unabaki karibu 0.2. Kwa maneno mengine, kama ishara zako hutoka kwa umati, karibu kila spektra itakuwa mchanganyiko. Ukiona spektra nyingi zilizo safi, za rangi hii peke yake au ile peke yake, basi umati haupo.

Walichokiona ni spektra safi kwa wingi. Na hapa kuna jambo la kupendeza: hawakuhitaji kuzimua rangi hadi ziishe. Walifanya kazi kwenye kiwango cha nanomola, ambapo kila chembe ya fedha hubeba molekuli nyingi. Ule mkia mrefu uliovunja hoja ya Poisson ndio uliowasaidia. Kwa kuwa sehemu moto ni chache na ndogo, molekuli nyingi zilizoko juu ya fedha hazionekani kabisa, na ile moja iliyobahatika kuwa mwanyani huzifunika zote kwa ishara yake. Na kwa kuwa molekuli ni nyingi, matukio ya kutosha hujitokeza, takwimu zikawa za maelfu badala ya mia.

Pingamizi moja lilibaki. Rangi mbili tofauti huenda zisinate kwenye fedha kwa namna moja. Labda moja hufukuza nyingine, na usafi wa spektra ukawa ni matokeo ya kemia ya uso. Mwaka 2007 Dieringer, Lettan, Scheidt na Van Duyne wa Northwestern waliliziba tundu hilo. Walitengeneza rodamini 6G ambayo hidrojeni nne za pete yake moja zimebadilishwa kuwa deuteriamu, yaani hidrojeni yenye neutroni moja ya ziada. Kikemia molekuli hizi mbili ni pacha: hunata vilevile, hufyonza mwanga vilevile. Lakini deuteriamu ni nzito zaidi, kwa hiyo mtetemo ulio karibu na 610 kwa sentimita (kipimo cha kasi ya mtetemo kwenye spektra) hushuka hadi karibu 600. Walipozichanganya nusu kwa nusu kwa kiwango kidogo, spektra nyingi zilionyesha mstari mmoja tu kati ya hiyo miwili. Baada ya hapo sijui hoja gani ya maana ingeweza kusimama upande wa wenye shaka.

Namba iliyopungua

Je, 10¹⁴ ilienda wapi? Kwa rodamini 6G sehemu kubwa ya jibu ni kwamba rangi hiyo hufyonza mwanga wa nanomita 514.5. Molekuli inayofyonza leza hupata resonansi yake yenyewe, na Raman yake huwa kali mara laki moja hadi milioni kuliko ile ya 10⁻³⁰, kabla fedha haijagusa chochote. Ukiusahau mchango huo, unaipa metali sifa isiyo yake. Kwa kristali violeti kwenye nanomita 830 hali ni tofauti kidogo, lakini kulinganisha rangi yenye molekuli kubwa na methanoli kunaleta upotoshaji wa aina ileile, maana methanoli hutawanya Raman kidogo sana.

Kundi la Wellington lilipitia hesabu hizo upya mwaka 2007, likahitimisha kwamba ukuzaji wa metali kwenye sehemu moto bora kabisa hufika 10¹⁰ au 10¹¹, na kwamba 10⁸ hivi inatosha kuona molekuli moja ya rangi iliyo kwenye resonansi. Hata kiwango hicho kinahitaji uga ukue mara 100, jambo ambalo nadharia ya plazmoni hulipata bila taabu kwenye mwanya kati ya chembe mbili. Kwa 10¹⁴ uga ungepaswa kukua zaidi ya mara 3,000. Kupungua kwa namba kulileta faida: majaribio na nadharia vikaanza kuelewana.

Mwaka 2008 Fang, Seong na Dlott wa Illinois walipima moja kwa moja jinsi ukuzaji unavyogawanyika kwenye uso wa fedha uliotandazwa juu ya vitufe vidogo. Sehemu zenye ukuzaji unaozidi 10⁹ zilikuwa 63 tu katika kila milioni, lakini zilitoa asilimia 24 ya ishara yote. Sijaona takwimu nyingine inayoieleza hali hii kwa ufasaha zaidi. Anayepima wastani wa uso kama huu anapima kwa kiasi kikubwa tabia za wachache sana.

Kazi iliyofuata

Watu walikuwa wameshaanza kuelekeza macho kwenye mwanya hata kabla ya 2006. Mwaka 1999 Hongxing Xu na wenzake nchini Sweden walionyesha kwamba ishara za molekuli moja za hemoglobini hutoka pale chembe mbili zinapokutana, na kundi la Louis Brus la Columbia likafikia hitimisho kama hilo kwa rodamini 6G. Tangu hapo juhudi zimekuwa za kutengeneza mwanya kwa makusudi badala ya kuusubiri utokee. Mwaka 2010 watafiti wa Korea Kusini waliunganisha chembe mbili kwa DNA, rangi moja ikiwa katikati. Mwaka 2013 kundi la Hefei, China, lilitumia ncha kali ya metali juu ya uso wa fedha likachora ramani ya Raman ndani ya molekuli moja ya pofirini, kwa ubainifu ulio chini ya nanomita moja. Mwaka 2016 kundi la Jeremy Baumberg la Cambridge lilionyesha kuwa hata atomu moja ya dhahabu iliyochomoza ndani ya mwanya huweza kubana mwanga kwenye nafasi ndogo kuliko nanomita moja ya ujazo.

Ugumu haujaisha. Molekuli inayoonekana imechaguliwa na mahali ilipokaa, na uga uleule unaoifanya ionekane ndio unaoiharibu, hasa kwa rangi zinazofyonza leza. Anayetaka kutumia njia hii kuhesabu ukolezi wa dawa au sumu kwenye sampuli bado anapambana na ule mkia mrefu, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ngumu iliyobaki ilipo.

Hata hivyo, swali la utambulisho limeendelea kuzaa. Mwaka 2009 Etchegoin, Le Ru na Meyer walitumia rangi yenye kifungo kimoja cha kaboni na nitrojeni kinachotetemeka karibu peke yake, mbali na mistari mingine. Kaboni ya kawaida katika maumbile ina takribani asilimia 1.1 ya kaboni-13, na atomu hiyo nzito ikiwa kwenye kifungo hicho, mstari wake hushuka kwa kama asilimia 2. Hawakutengeneza isotopu (aina ya atomu ileile yenye uzito tofauti) yoyote. Walikusanya matukio ya molekuli moja moja, na miongoni mwake wakakuta sehemu ndogo ambayo mstari wake ulikuwa umeshuka kwa kiasi hicho hasa. Kwenye kipimo cha kawaida cha molekuli nyingi, mchango huo ungebaki kivuli kidogo pembeni mwa mstari mkubwa. Hapa kila tukio lilikuwa la molekuli yake, na iliyobeba neutroni moja ya ziada ilijulikana.